Saa Nne Hakuna Aliyeinuka

Ondiek, uko?

Mbaluka amejikata kidole gumba kwa patasi, hapa kwenye karakana yangu Shauri Moyo. Tumetoka zahanati sasa hivi. Ameshonwa nyuzi sita.

Na kosa ni langu.

Unakumbuka lile tangazo nililobandika ukutani, kwamba saa nne kila mchongaji apumzike robo saa? Nikanunua hata birika kubwa. Wiki tatu chai imekuwa ikipoa, nami nikadhani wanapenda kazi.

Njiani nimemuuliza, "Mbona hukupumzika, na mkono ulikuwa umechoka?"

Akajibu polepole, "Mzee Muoki, wewe hujawahi kuinuka. Nani ataweka patasi chini na fundi mkubwa bado anachonga?"

Na fundi mkubwa bado anachonga. Ondiek, hata mimi nilifunzwa kazi hivyo hivyo. Nilisahauje?

Sasa nimekaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Patasi yangu iko chini. Wote wanaendelea kuchonga huku wakinichungulia.

Ndete ndiye aliyeacha kuchonga kwanza. Amenisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna mtu amekufa?"