Kitufe cha Kona ya Kulia

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi ya manyunyu, bila upepo.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na cherehani haikusumbui. Mimi ni mzima, nakula na kushiba.

Kazi ya zahanati imekamilika. Programu niliyowatengenezea mwaka juzi ilikaa ndani ya kompyuta moja tu, ya mapokezi. Hii mpya inafunguka kwenye kivinjari, hivyo daktari chumbani kwake anaona jina la mgonjwa kabla mgonjwa hajabisha hodi. Nilipanga vitufe upya, rangi zikapendeza. Nilijivuna, sikufichi.

Mapokezini yupo mama wa makamo wanayemwita Bi Kalamu, kwa sababu kila mgonjwa humwandika kwanza daftarini, ndipo amwingize kwenye kompyuta. Watu wa maabara humtania kwamba anaandika wosia. Yeye huwajibu kuwa kompyuta ni mgeni, na mgeni haachiwi funguo za nyumba.

Wiki hii majina ya wagonjwa yakaanza kupotea. Jumanne msimamizi akasema uzee umemfika mama wa watu, na kwamba Jumatatu ijayo atahamishiwa ghalani akapange makatoni ya dawa. Bi Kalamu hakubisha. Alisema tu kwamba mkono wake haujabadilika tangu programu ya zamani.

Neno hilo lilinichoma. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikatazama. Alijaza jina, umri na maradhi, kisha mkono ukaenda wenyewe kona ya kulia, chini, macho yakiwa kwa mgonjwa anayefuata. Zamani pale palikuwa na kitufe cha Hifadhi. Mimi, kwa kutafuta urembo, nilikuwa nimeweka pale Futa, tena isiyouliza mara mbili.

Sasa naungama kwako, Mama. Niliona, nikanyamaza. Niliogopa kuitwa fundi asiyejua kazi. Daftari langu la siku linanisuta. Jumanne: nimeona. Kulala saa saba. Jumatano: sijasema. Kulala saa nane. Alhamisi: sijasema. Kulala saa nane na nusu.

Nilikukumbuka unavyomwambia mteja afumbe macho, atie mkono pale anapodhani mfuko upo, ndipo upige chaki. Mwanao alishona mfuko mgongoni, akamwacha mvaaji alaumiwe.

Jana asubuhi nilimweleza msimamizi, Bi Kalamu akisikia. Msimamizi akasema basi ghalani niende mimi. Bi Kalamu akamsihi asithubutu, kwani nitapanga dawa kwa rangi. Tulicheka sote, mimi nikiwa na machozi. Kisha akafungua daftari lake, akasoma, nikaandika, majina yote kumi na saba yakarudi. Anabaki kwenye kiti chake. Hifadhi nayo imerudi mahali pake.

Msalimie Baba na wote wanaoniulizia. Usishone gizani.

Ni mimi, kifungua mimba wako.

Nimesahau kukunakilia mstari wa jana. Ijumaa: nimesema. Kulala saa tatu kasorobo.