Mkaa wa Tanuri la Kirumi

Brussels, Jumamosi, Novemba 2012. Mvua tangu asubuhi. Sijatoka hapa Etterbeek hata kununua mkate.

Nimemwacha mzee wa watu abebe kosa langu.

Julai tulikuwa milimani kaskazini mwa Uingereza, tukichimba kambi ya jeshi la Kirumi. Kambi yenyewe ya kupita tu: askari walichimba handaki, wakaoka mikate, wakalala, wakaondoka. Kilichobaki ni matanuri yao, na ndani yake mkaa kiduchu. Mkaa huo ndio unaopimwa umri, basi.

Siku ile mvua ilitunyeshea vibaya. Nilikuwa na mifuko miwili ya mkaa, mmoja wa tanuri, mwingine wa jiko la watu wa kale zaidi lililokutwa chini ya handaki. Kanuni ni kuandika palepale. Mimi nikakimbilia hemani kwa baridi. Kufika huko, sijui upi ni upi. Nikabahatisha, nikaandika kwa mwandiko safi kabisa, halafu nikanywa chai.

Jana majibu ya maabara yamekuja. Eti tanuri la Warumi limewatangulia Warumi kwa maelfu ya miaka! Profesa akatuita sote, hata wa kujitolea, akauliza nani kavuruga mifuko. Padri Luka akainua mkono. Ni mzee Mbelgiji aliyekaa Tabora miaka mingi. Sasa kastaafu, na kila Jumatano anakuja kwa kujitolea kuorodhesha mifuko yetu daftarini.

"Nitakuwa nimekosea kunakili," alisema. "Macho haya yamechoka."

Nami nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo kama huu!

Tulipotoka akaniambia kwa Kiswahili, "Usihuzunike, mwanangu. Sitakuja tena, nisije nikawaharibia kazi." Akanipa ufunguo wa stoo nimrudishie profesa.

Uko hapa mezani, tangu jana nauzungukazunguka. Naona aibu, aibu ya kweli. Nikisema, huenda wasinichukue kuchimba tena, na hiyo ndiyo kazi niliyoitaka tangu utotoni. Lakini mkaa halisi wa tanuri bado umo stoo, kwenye ule mfuko mwingine. Na mzee yule hana Jumatano nyingine.

Jumatatu nitamwambia profesa, anifukuze akipenda. Leo nakwenda Jette kwa Padri, mvua na inyeshe.

Ufunguo namrudishia yeye, si profesa.