Kitambaa Juu ya Mashine

Jumamosi, 11 Machi 2000

Leo salongo tena, kazi ya lazima. Askari walipita Kabondo kwetu asubuhi, wakazoa wanaume wa mtaa kwenda kuwachimbia mahandaki. Mwalimu mwenzangu wa jiografia alichukuliwa akiwa na suruali yake ya kufundishia. Majeshi mawili ya majirani yaliingia mji huu kama ndugu, sasa yanatazamana kama majogoo, na sisi ndio wa kuwachimbia mashimo! Majina yao siyaandiki. Daftari halina mdomo, lakini askari ana macho.

Mchana, jambo la ajabu. Frère Noël, bruda wa misheni, yule mwenye simu ya setilaiti, kanieleza kitu ambacho sijapata kusikia. Kuna watu maelfu duniani, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani. Hesabu moja kubwa mno inakatwa vipande, kila mtu anachukua chake. Mashine inahesabu yenyewe, wiki hata miezi, halafu unarudisha jibu. Wanatafuta namba tasa, zile zisizogawanyika, lakini kubwa kupita kiasi. Mashine ndogo ndogo zikiungana zinaishinda mashine moja kubwa ya serikali. Na bila mtandao inawezekana! Unapewa namba kwenye disketi, ukimaliza unatuma jibu. Alama kumi na sita tu, herufi na tarakimu.

Nikamuuliza nani anawalazimisha. Akasema hakuna. Nikauliza tena. Hakuna, Générose, ni kwa hiari.

Kwa hiari! Nina miaka thelathini na moja, nafundisha hesabu, na katika mji huu sijawahi kuombwa kazi na mtu asiyekuwa na fimbo mkononi. Nimesema nataka.

Jumanne, 14 Machi

Katika depo ya Papa, baba yangu, nyuma ya magunia ya chumvi, kuna kompyuta tatu mbovu. Ofisi moja iliziacha ilipokimbia vita. Nimeziomba. Papa kasema chukua, zinakula nafasi ya sabuni.

Hilaire, fundi wa redio sokoni, mzaliwa wa Yanonge, kazifungua zote. Nilidhani ndani kuna kitu kikubwa. Kumbe kuna vumbi, mende, na kibao cha nyaya! Kachukua moyo wa moja, kumbukumbu za zote tatu, feni ya ile nyingine. Halafu kwenye kibao kahamisha kijipini cha mwendo, kidogo kuliko punje ya mchele, akacheka peke yake.

— Sasa itakimbia kupita vile ilizaliwa, mwalimu.

Nikabonyeza. Imewaka!

Namba yetu ikiandikwa yote ina tarakimu karibu milioni moja. Kuna mtu mahali fulani alishaihesabu. Sisi tunairudia kumhakiki: majibu mawili yakifanana, imefungwa milele. Yasipofanana, mmoja wetu kakosea. Sitaki niwe mimi. Mwisho wa Juni namba itapewa mwingine. Frère kauliza tuandikishwe kwa jina gani kwenye orodha ya wajitoleaji. Nimesema: Kisangani. Redio za dunia zinatutaja siku za maiti tu. Watutaje kwa hesabu iliyo sawa, mara moja.

Mama kauliza ni nini. Nikamwambia ni salongo ya dunia nzima, ila bila askari. Kasema basi si salongo.

Jumatatu, 27 Machi

Umeme wa bwawa la Tshopo unakuja kwa zamu. Kabondo tunapata asubuhi, kama masaa matano, Mungu akipenda. Si kitu — kila nusu saa mashine inajiandikia ilipofika, umeme ukirudi inaendelea.

Kinachonichoma ni kingine. Inakosea! Inaandika kwamba hesabu ina kasoro, inarudi nyuma. Juzi mara mbili, leo mara nne. Najua mwenye makosa. Kile kijipini cha Hilaire! Nimekwenda sokoni nikamwita fundi wa viberiti mbele ya wateja wake. Kakirudisha mahali pake.

Jumamosi, 15 Aprili

Kijipini kimerudishwa na makosa yanaendelea. Leo walimu tumetawanywa mapema, askari wanataka madarasa walale humo. Nimefika nyumbani saa nne. Mashine inanguruma. Na juu yake, kutoka kichwani mpaka chini, KITAMBAA! Kile cheupe cha Mama, alichodarizi mwenyewe, maua mekundu na maneno "Mungu ni mlinzi wetu". Kimeziba feni yote. Nimegusa bati — la moto kama pasi.

Mama katoka jikoni hana habari.

— Kitu ya maana unaiachaka uchi? Vumbi iko naingia. Redio iko na kitambaa, kiti ya fauteuil iko na kitambaa, juu ya nini yako ibaki vile?

Kila siku! Nikitoka kwenda shule anaifunika, kabla sijarudi anakitoa ili nifanye kazi yangu. Mwezi mzima mashine inahesabu ndani ya blanketi. Hesabu yote imeoza.

Nilipiga kelele mpaka jirani Colette akachungulia. Nilimwambia Mama maneno haya, nayaandika ili yanisute: Wewe hujui hata sita na tisa, acha vitu vya watu waliosoma.

Mama kakikunja kitambaa mara nne, akaenda nacho chumbani.

Maji yamemwagika. Na bado nina hasira naye.

Jumanne, 18 Aprili

Nimekwenda kumwomba Hilaire msamaha. Kacheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu.

— Mwalimu, mama yangu kule Yanonge anafunikaka frigo yake, na haina hata moteur!

Bon. Tumeanza upya kutoka sifuri. Mbavu za sanduku tumeziacha wazi, feni mbili, kijipini kibaki mahali pake. Polepole, lakini sawa. Hakuna kosa hata moja leo. Mama anapita mbele ya mashine kama anavyopita mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua.

Jumamosi, 6 Mei

Jana walipigana, majeshi yale mawili. Wao kwa wao, juu ya vichwa vyetu. Mabomu yameanguka kwenye nyumba za watu, watu waliokuwa wanapika sombe. Leo redioni mkubwa mmoja anasema kulikuwa na kutoelewana kidogo. Kidogo! Njoo uniambie hapa mlangoni, mbele ya jeneza la bibi wa nyumba ya tatu.

Umeme umerudi saa mbili. Mashine ikasoma ilipoishia, ikaendelea. Asilimia thelathini na tisa. Nimekaa mbele yake nalia kwa hasira, na yenyewe inahesabu tu.

Jumapili, 4 Juni

IMEKWISHA!

Saa saba mchana, leo zamu ilichelewa. Tumetoka misa, wali uko mezani, nikasikia sauti ya feni imebadilika. Namba yetu si tasa. Inagawanyika. Na chini yake, alama kumi na sita. Nimezinakili kwenye kipande cha karatasi, sizinakili humu.

Mama kauliza: — Donc, basi haikupata kitu?

Nikamwambia imepata kwamba hapo hakuna kitu, na hiyo ni kazi pia, watu wasirudi kutafuta hapo. Kafikiri. Kasema ni kama kupima kisima kikavu ili mwingine asichimbe. Miezi miwili nimetafuta namna ya kueleza jambo hili darasani!

Sijamwomba msamaha. Nilifungua mdomo, Papa akaomba chumvi.

Frère anafungua simu Jumatano tu. Jumatano basi.

Jumanne, 6 Juni

Vita tangu jana. Si kama ya Mei. Hii haipumui. Tumelala chini kwenye korido, godoro limeegemezwa mlangoni. Mimi, Mama, Papa. Umeme hakuna, maji hakuna.

Asubuhi kipande cha bomu kimepita ukutani sebuleni. Kimeingia kwenye mashine ubavuni, pale pale tulipopaacha wazi ipumue. Disketi ya Frère ilikuwa bado mdomoni mwake. Vyote vipande.

Sina machozi. Nina hasira ya kutafuna chuma. Hawakujua hata kama ipo! Laiti wangeipiga kwa kuichukia. Wameipiga kwa sababu ilikuwa njiani, kama sisi.

Imebaki karatasi. Iko ndani ya kiatu changu.

Alhamisi, 8 Juni

Katikati ya milio kukawa kimya kidogo, askari wakapita nyumba kwa nyumba. Wanatafuta watu wanaoonyesha upande wa pili pa kupiga. Wamemchukua Yakubu, mume wa Colette. Mfukoni alikuwa na karatasi ya namba — masafa ya redio anazopenda kusikiliza! Wakasema ni siri za kijeshi. Colette analia nyuma ya ukuta, tunamsikia.

Papa kanitazama. Anajua nina nini kiatuni.

— Générose, ile karatasi. Nitaichoma.

Nikasema hapana. Papa hajawahi kunipiga maishani, leo aliinua mkono, akaushusha. Kasema watu wanakufa kwa kitu, wewe unataka tufe kwa namba. Ana haki, na nimemchukia kwa kuwa na haki.

Ndipo Mama akasema kutoka gizani tumpe yeye hiyo karatasi. Kaiangalia muda mrefu kwenye mwanga wa ufa. Kahesabu kwa kidole: kumi na sita. Halafu kavuta kikapu chake, akatoa sindano, uzi mwekundu, na kile kitambaa.

— Basoda, hawa askari, hawatazamaka kitambaa ya mama muzee. Nitaziweka kati ya maua.

Jumamosi, 10 Juni

Siku ya sita. Mama anadarizi mwanga ukiwepo, bomu likilia anasimama, likinyamaza anaendelea. Kila alama anaizungushia jani. Mtu asiyejua anaona pambo tu. Namshikia uzi. Juzi nzima na jana nzima hatukusema lolote ila "vuta" na "kata".

Leo asubuhi kafika ya kumi na mbili. Mlango wa Colette ukapigwa kwa kitako cha bunduki. Kwao tena! Papa hakuomba ruhusa. Kiberiti, karatasi, majivu, akayasugua kwa kiatu. Sikumzuia. Baada ya Colette ni sisi.

Mama kainua sindano.

— Inafuata nini, mwalimu?

Ninazijua, nimezisoma mara mia. Ya kumi na tatu nikasema. Ya kumi na nne nikasema. Ya kumi na tano — hakuna. Hakuna kitu! Kichwa cheupe kama ubao uliofutwa. Mwezi wa nne nilimtukana nani kwamba hajui?

Mama hakungoja. Kasema anaiona: ina tumbo moja, chini, na shingo iliyopinda juu. Hajui inaitwaje. Anaikumbuka kama anavyokumbuka ua, kwa zamu yake baada ya ile yenye fimbo mbili. Kachora hewani kwa sindano.

Sita. Ni sita, Mama.

— Bon. Sita, kasema, na akachoma.

Nilisema nisamehe. Kasema nisogee, nimemzibia mwanga.

Huko nje Colette anawajibu kwa Lingala, sauti yake juu. Papa amesimama mbele yangu, mkono mbele, anataka kulichoma daftari hili pia. Kiberiti kina njiti mbili. Mama anamwambia asubiri kidogo, bado alama moja