Maneno ya Bibi Pili Niliyoyameza

Morogoro, mwezi wa Rajabu, 1325

Kwa dada yangu Mwaisha binti Mbaraka, Bagamoyo.

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimepoa. Shemeji hajambo? Na wanangu, maana wa kwako ni wangu? Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku imezidi, asubuhi mlima wote unamezwa na ukungu. Moyo ndio mgonjwa. Nakusihi uisome mwenyewe barua hii, usimpe mtu akusomee.

Unajua kwamba mimi ni mkalimani wa Mdachi anayepima barabara ya kutoka itakapojengwa stesheni ya gari la moshi hadi bomani. Watu humwita Bwana Kamba, kwa kuwa kamba ya kupimia haimtoki mkononi. Barabara yake ilikuja kugonga nyumba moja kuukuu, nyumba kubwa ya miti na udongo, paa la nyasi limelegea, nguzo ya kati imekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Aliijenga mndewa mmoja, mkuu wa ukoo wa Kiluguru, ambaye amekwisha kufa zamani. Aliyebaki humo ni binti yake, Bibi Pili.

Wazee wa mji walikwenda bomani kuomba isibomolewe. Bwana Kamba hakuwafukuza. Alisema ataingia mwenyewe amsikilize bibi, na akiona ina jambo la maana ataipinda barabara ipite kando. Tukaingia watatu tu, yeye, mimi na Bibi Pili. Wengine walibaki uani, pamoja na Mzee Kibwana, ambaye nilikwisha kukuandikia kwamba nimeposa kwake.

Bibi Pili aliweka kiganja kwenye nguzo akaeleza kwamba zamani misafara ya watumwa ilipita hapa ikienda pwani. Mtumwa aliyetoroka akaiwahi nguzo ile akaikumbatia, alikuwa mtu wa nyumba. Wenye bunduki walisimama mlangoni wakatukana, lakini baba yake hakumtoa mtu hata mmoja. Haya niliyatafsiri vizuri, na nilimwona Bwana Kamba akivua kofia. Akaniambia nimuulize bibi kama yupo mtu aliye hai anayeweza kushuhudia, kwa kuwa wakubwa wake hawatakubali hadithi tupu.

Bibi Pili alinitazama usoni kama aonaye sura anayoijua, kisha akaniuliza, "Mama yako si Asia, mwenye kovu la moto mkononi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaendelea. "Aliingia hapa mvua inanyesha, na mtoto wa kike mgongoni. Nilimfungua mtoto mimi kwa mikono yangu. Waliishi nasi mpaka Mbaraka mpagazi alipomwoa akawachukua pwani. Mwambie Mzungu wako shahidi ni wewe."

Dada, mtoto yule ni wewe. Mama alituambia kwamba yeye amezaliwa Winde, huko pwani, kwa waungwana, nasi tukayashika hayo. Baba alikukuta unatembea tayari, akakulea kama damu yake, wala hatukuona tofauti siku hata moja.

Bwana Kamba alikuwa anangoja. Nilisikia sauti ya Mzee Kibwana uani. Bomani wote, na yeye pia, wananijua kuwa mwungwana wa Bagamoyo, si mwana wa mtumwa. Nikamwambia Mdachi, "Anasema mashahidi wote wamekufa." Akashangaa, akasema bibi ameongea mengi na mimi nimejibu machache. Nikamjibu kwamba wazee hurudia rudia. Akavaa kofia yake.

Nyumba ilibomolewa Jumatatu. Kuta hazikusumbua, lakini nguzo iligoma, wakaifunga kamba. Bwana Kamba akatoa amri, na mimi ndiye niliyewatafsiria wafanyakazi. Neno la kuvuta lilitoka kinywani mwangu, dada.

Bibi Pili alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, vyombo vyake kando, akingoja wapwa wake waje wampeleke kwao Mgeta, mlimani. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake nikitazama chini. Nilijua anajua. Nilitaraji anilaani, na ningeona nafuu. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mtoto wa mgongoni yu hai. Nikasema yu hai, na ana watoto wanne. Akacheka kwa furaha, akanitaka nimtajie majina yao, kila mmoja, akawa anayarudia.

Anataka kukuona. Njoo, dada, kabla ya vuli, njia za Mgeta zikilowa hazipandiki. Nitakupeleka mwenyewe, ukinikubali niandamane nawe.

Mzee Kibwana sijamwambia. Nitakwenda kwake kesho baada ya alasiri, lolote litakalokuwa na liwe. Nimeona kwanza niseme kwako, kwa kuwa wewe ndiye niliyekukana.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwakumbatie wote. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Stambuli bin Mbaraka