Mteremko Wetu Hauguswi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Kifua kimepona? Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua, na fimbo hataki kuisikia.

Jipya ni la jana. Mpima udongo wa idara ya misitu alisema, mbele ya mjomba na majirani, kwamba udongo wa upande wetu ni bora kuliko wa mjomba. Wa mjomba, alisema, umeshindiliwa.

Unakumbuka baada ya ule moto, miaka sita iliyopita, mjomba alileta trekta, akang'oa visiki, akachoma masalia na kupanda misonobari kwa mistari. Mimi niliacha machipukizi yajiotee, na palipokuwa patupu nikachimba kwa jembe nikapanda miti mchanganyiko. Wakauita msitu wa mvivu.

Mpima alimwaga maji pande zote mbili. Kwetu yalizama papo hapo. Kwa mjomba yaliteremka hadi kwenye viatu vyake. Chini ya majani yetu mna minyoo, na udongo mweusi unaovunjika mkononi. Sikufichi: kona ya chini, walipokuwa wakipita wapasua mbao, bado ni ngumu kama sakafu. Hilo nalo alilisema.

Mjomba hakukosa neno. "Mpwa wangu, misonobari yangu imekupita kimo."

"Imenipita, mjomba. Na udongo wako umekupita wewe, uko mtoni."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Hata hivyo mjomba anataka mteremko wote uwe mistari, na nusu yetu ni ya majina mawili, langu na lako. Najua amekupigia. Najua pia ni vigumu kumkatalia aliyekusomesha. Mimi nimeshamkatalia. Chemchemi anayochota mama iko chini ya mteremko huo. Udongo ukishindiliwa, mvua itapita juu kwa juu, na chemchemi itakauka. Wanasema nina kiburi. Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi.

Nisalimie wifi, fundi wetu wa cherehani, na mapacha wenu. Mama anakuombea kazi yenye heri na usingizi mtulivu.

Trekta limeagizwa Jumatatu, tarehe 30, saa mbili asubuhi. Mpigie mjomba kabla ya hapo, umwambie hapana kwa mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikosea.