Risasi Nyembamba

3 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako mzima, anasema kwenye ile picha uliyotuma umekonda, ule vizuri. Mimi kifua ni kilekile. Vumbi la machimbo lilishahamia humo, na daktari anasema halina mpango wa kuhama.

Kibali cha kuwinda kimetoka, mwanangu. Beberu mmoja wa mwitu, kule juu kwenye mgongo wa mlima. Nimekiomba tangu hujaanza kazi kwa fundi wako wa bunduki, na kwa jinsi daktari anavyoniangalia, najua sitaomba kingine. Bunduki yangu siwezi kuibeba tena. Nitengenezee nyepesi. Ila risasi iwe ileile nene ya milimita tisa. Nimeizoea, na mnyama akiguswa nayo haendi popote.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua kimetulia kidogo. Mimi sijambo, ila mafuta ya mashine hayatoki tena kwenye kucha.

Mtutu nimeshaukata na kitako nimekichonga kwa mti mwepesi. Lakini risasi nene hapana, Baba. Bunduki ikiwa nyepesi, teke lote linakuja begani. Bosi wangu aliwahi kumtengenezea mteja mmoja ya namna hiyo. Alirudi na jicho limevimba, anauliza kama alinunua bunduki au punda. Ukishaogopa teke utafumba macho kabla hujafyatua, na risasi itakwenda inakotaka yenyewe. Nakuwekea ya milimita sita na nusu. Ni nyembamba, lakini inakwenda moja kwa moja, na kwa beberu inatosha, mradi uipitishe nyuma ya bega la mbele.

Binti yako

20 Aprili

Marahaba, binti yangu,

Sisi hatujambo sana. Mama yako alisikia barua yako nikimsomea, akasema fundi ni wewe, nikuachie kazi yako. Mmeungana.

Hiyo risasi ni ya kufukuzia kunguru. Nisikilize: nene ina msamaha. Ukikosea kidogo, inakusitiri. Nyembamba haimsitiri mtu. Basi tukutane katikati, niwekee ya milimita saba.

Nimeanza kujizoeza kupanda. Nafika kwenye zizi la jirani, napumzika, narudi. Siku nyingine narudi kabla ya zizi, lakini hilo mama yako halijui.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Habari za kifua? Nimezijaribu zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, kwa bega langu mwenyewe. Ya saba imeniachia alama nyeusi, na mimi nina mifupa ya ujana. Nimeamua ile ya sita na nusu. Nikasirikie ukitaka.

Bunduki na risasi nimevituma kwa mwenye duka wa huko, yule mwenye leseni. Nenda na kibali chako, atakukabidhi. Ombi langu ni moja: usipande peke yako. Mchukue mchungaji wa jirani, miguu yake iwe yako.

Binti yako

17 Agosti

Shikamoo Baba,

Nimeandika mara mbili, kimya. Mwenye duka anasema ulipoinyanyua bunduki ulicheka. Baada ya hapo sijui kitu. Nikimuuliza mama kwa simu, anasema utaandika mwenyewe. Kama risasi imekuangusha niambie, nitabadilisha mtutu, hata wewe ukichagua ya tisa.

Binti yako

9 Septemba

Marahaba, mwanangu,

Nisamehe ukimya. Mama yako hajambo. Mimi usiniulize.

Nilipanda. Mchungaji nilimwacha kwenye malisho ya chini, sikutaka mtu anione nikitambaa. Nilimkuta beberu ng'ambo ya korongo, si mbali, amenigeuzia ubavu. Bunduki ilikuwa nyepesi kama fimbo. Tatizo ni kwamba ile nzito ilikuwa inanituliza. Hii ilifuata kifua changu, juu, chini, juu, chini. Nilijaribu kuzuia pumzi. Sina pumzi ya kuzuia.

Nikampiga tumboni. Akaruka, akaporomoka korongoni.

Katika maisha yangu sijawahi kumwacha mnyama akiwa na jeraha. Nilitaka kushuka, miguu ikakataa, nikaanguka kwenye mawe. Nikakaa hapo. Alikuwa chini yangu, simwoni, lakini namsikia anahema, mpaka jua likazama. Mchungaji alipopanda kunitafuta, alishuka korongoni, beberu akamkosa. Aliona damu kwenye mawe, kisha mawe matupu.

Risasi haikukosea. Nakuandikia hili ili usije ukalala na lawama. Hata ya tisa, kwa kifua hiki, ingekwenda palepale. Kazi yako ni safi kuliko mwenye kuibeba. Bunduki nimeirudisha dukani, ipewe mtu mwenye mapafu.

Usiombe ruhusa kazini kwa ajili yangu. Daktari amekuja, amenishika bega, ameondoka bila kuandika dawa.

Sitoki chumbani sasa. Nikijilaza namsikia yule beberu anahema chini ya dirisha. Mwanzoni mama yako alikuwa akifungua, anaangalia, anafunga. Siku hizi hafungui. Anakaa kando yangu, ananishika mkono, anasema, "Ni wewe, mume wangu. Ni wewe unayehema."

Baba yako