Nilivyomtafsiria Mshonaji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe shemeji nusu yake kabla hajaidai. Goti lako vipi? Bado unashuka kitandani kwa awamu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu anakusalimu, na watoto wamerefuka mpaka suruali zimeacha vifundo nje.

Umeuliza maisha ya huku yakoje, ili mjiandae kwa usaili wenu wa kuhamia huku, hapo kambini. Barua zangu zote zilisema tunashukuru. Dada, neno hilo limenichosha. Kila mtu anatutaka tushukuru! Mwenye nyumba hazibi bomba linalovuja, badala yake anauliza kama kwetu tulikuwa na bomba. Kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, ninakofanya kazi, msimamizi ametutengea sisi wageni vikombe vyenye alama nyekundu, eti usafi. Nilifundisha fizikia miaka kumi na tisa, sasa nakunja mashuka, na kukunja si aibu. Aibu ni kuelezwa polepole, kwa sauti ya juu, kwamba shuka lina pembe nne. Ukikasirika, una kiwewe cha vita. Ukinyamaza, umezoea. Ugonjwa wetu wanautafuta kwenye vita tu, kana kwamba wao hawajatugusa.

Sasa nikueleze habari ya mshonaji, mjane, mkimbizi mwenzetu anayekaa chumba cha chini. Alikuwa na ulimi huyo! Mke wangu aliponunua koti, alimuuliza hema hilo linalaza watu wangapi. Miezi minane aliomba kazi kwenye viwanda vya mapazia. Wakisikia lafudhi yake wanasema nafasi imejaa, na tangazo linabaki dirishani. Taratibu akaacha kututania. Akawa anakaa ndani na koti mwilini, begi mlangoni, akisema wakija kumtoa wamkute tayari.

Zahanati ilipomwita, nilikwenda kumtafsiria. Daktari, binti mpole, akauliza analalaje. Mshonaji akajibu kwamba halali, kwamba anasikia majirani wakipanga kumfukuza, kwamba siku nyingine haoni sababu ya kuamka. Nikamgeukia daktari nikamwambia analala vizuri, ila amechoka kidogo na amepakumbuka kwao.

Wewe unajua kwa nini. Kambini sote tuliamini kwamba neno moja la wazimu kwenye faili linafunga milango na kumpokonya mtu watoto. Tulikaririshana majibu foleni nzima. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, na wewe mwanafunzi wangu wa kwanza. Hofu hiyo nilipanda nayo ndege. Nilijiambia namkinga. Mara tatu nilikwenda naye, mara tatu nikamfanya mzima, daktari akafunga faili.

Wiki iliyopita mke wangu alimkuta sakafuni, hajala siku nne, hajui hata aliyesimama mbele yake ni nani. Amelazwa. Nilipokwenda kumwona alikuwa amepata nafuu kidogo, akaniambia hamlaumu daktari kwa kumpuuza. Alisema watu wote wa huku wanamsikia na kumpuuza.

Dada, daktari hakuwahi kumsikia.

Jana nilikwenda kumweleza yule binti kila nililoficha. Hakunifokea, ningefurahi angenifokea. Aliniuliza mimi nalalaje. Nilifungua kinywa niseme vizuri, nikasema kweli. Mwaka mzima nashuka kituo kimoja kabla ya kazini ili nitapike kwanza. Mke wangu hajui. Nikimaliza barua hii namwambia.

Usidhani nimepoa. Kuhusu vile vikombe nimemwandikia mkuu wa hospitali kurasa tatu, na hakuna ukurasa unaoshukuru. Lakini uongo ule ulikuwa wangu, sina wa kumsukumia.

Basi futa kila jibu nililokukaririsha. Wakikuuliza unalalaje, sema unavyolala, na mkalimani umwambie asikuongezee wala asikupunguzie. Sijui watafanya nini na jibu lako. Ninachojua ni kilichompata mshonaji kwa jibu langu.

Nisalimie shemeji na wote mnaopanga nao foleni, nao waambie.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi